Pointi za likizo nje ya klabu: hesabu ya Florida na ya Kizimbani

Huko Florida, Marekani, kuna hoteli ambayo mtu wa Unguja akisikia majina yake hucheka kwanza. Upande mmoja unaitwa Jambo House, upande wa pili Kidani Village. Sehemu zake za kulia zinaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Katika baadhi ya vyumba ukifungua pazia asubuhi unaona twiga na pundamilia wanakula majani. Hoteli hiyo, Disney's Animal Kingdom Lodge, ilifunguliwa mwaka 2001 kwa ajili ya wageni wa bustani ya Animal Kingdom iliyotangulia mwaka 1998. Ndani ya bustani umejengwa mji wa kuigiza unaoitwa Harambe, kwa e moja mwishoni, na sura yake imechukuliwa Lamu. Kuta zimechubuliwa makusudi ili zionekane kuukuu. Sisi za kwetu za Mji Mkongwe tunahangaika zisichubuke.

Watoto wa wifi yangu wanaijua hoteli hiyo kwa picha kuliko wanavyoijua Unguja. Wifi anaishi Uingereza na mumewe na watoto watatu. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nane, na wote ulikuwa wa hesabu. Watoto wanataka Florida Agosti, skuli zikifungwa. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, anaishi Kizimbani, magoti yanamsumbua, na mjukuu wake wa mwisho, mwenye miaka minne, hajawahi kumpakata. Fedha ya tiketi za ndege ipo ya safari moja tu.

"Lakini wifi, mimi nina pointi," akasema. "Kokote tutakakokwenda, hoteli ni bure."

Niliusikiliza tena ujumbe ule kwa ajili ya neno hilo la mwisho.

Kwa wazazi ambao hawajakutana na mambo haya, klabu za likizo zilianza kwa kuuza wiki. Unanunua haki ya kukaa katika nyumba fulani wiki moja kila mwaka, na watu wengi wanagawana nyumba ile ile kwa zamu. Baadaye wiki zikageuzwa pointi. Kila mwaka unapewa pointi zako. Chumba kidogo katika msimu wa watu wachache kinakula pointi chache, chumba kikubwa wakati wa likizo za skuli kinakula nyingi. Unalipa mara mbili: bei ya kununulia, ambayo hufika maelfu ya dola au pauni, na ada ya matunzo ya kila mwaka. Ada hiyo haina mapumziko. Usiposafiri unalipa, ukiugua unalipa, na kwa kawaida inapanda.

Jamaa zetu walioko Uingereza, Marekani na Ghuba wengi wamekutana na wauzaji wa pointi. Unaalikwa chakula cha mchana au unapewa tiketi za bustani kwa bei ya chini, halafu unakaa saa mbili ukisikiliza maelezo. Wifi na mumewe walinunua hivyo, miaka kadhaa iliyopita, na sitaitaja klabu yao. Klabu hiyo inawaruhusu kupeleka pointi katika hoteli ambazo si zake. Zimo za karibu na bustani za Florida, na zimo pia hoteli za ufukweni hapa hapa Unguja.

Ruhusa hiyo ya kutoka nje ya klabu ndiyo inayowachanganya watu. Nitaieleza kwa mfano wa Jambo House kwa sababu pale aina mbili za vyumba zimo katika jengo moja.

Disney wana klabu yao ya pointi tangu mwaka 1991, inaitwa Disney Vacation Club. Kidani Village, iliyofunguliwa 2009, ni ya klabu. Jambo House imechanganyika: ghorofa za juu kuna vyumba vya klabu, na vingine ni vya hoteli ya kawaida, vya mtu yeyote mwenye kadi ya benki. Mwanachama anaweza kutumia pointi zake katika vyumba vya aina zote mbili. Twiga ni wale wale na lifti ni ile ile. Ila chumba cha hoteli ya kawaida, kwa kuwa si cha klabu, kinadai pointi nyingi zaidi, na juu yake kuna ada ya kushughulikia ombi lako.

Sababu yake si siri. Ukikaa katika chumba cha klabu unatumia ulichokwisha kununua. Ukitaka chumba kisicho cha klabu, lazima mtu akilipie kwa fedha. Klabu inachukua pointi zako, inakodisha kwa wengine nafasi ambayo ungeikalia wewe, na kwa fedha hiyo inalipia chumba unachokitaka. Katika kubadilisha huko kuna hasara, kama ilivyo kwa anayebadilisha dola kwa shilingi halafu shilingi kwa pauni. Hasara yote ni ya mwenye pointi.

Wanaoangukia huko mara nyingi ni wazazi. Mwanachama wa Disney anaweza kuweka nafasi miezi 11 kabla katika nyumba aliyonunulia, na miezi 7 kabla katika nyumba nyingine za klabu. Watu wasio na watoto wa skuli wanachagua Januari au Septemba. Wazazi wote wanataka wiki zile zile. Mzazi mwenye mambo mengi anapokumbuka miezi mitatu kabla, vyumba vya klabu vimekwisha. Ndipo anapoambiwa kwa sauti nzuri kwamba kuna nafasi katika hoteli nyingine, na pointi zake zinakubalika. Anashukuru, anabonyeza.

Sasa tupige hesabu. Namba hizi nimezichagua mimi ziwe nyepesi kufuata kwenye simu, wala si bei ya klabu yoyote.

Tuseme una pointi 200 kwa mwaka na ada yako ni dola 1,800. Kila pointi ina dola 9 za ada. Tuseme pia ulinunua kwa dola 30,000 kwa mkataba wa miaka 30, yaani dola 1,000 kwa mwaka, ambazo ni dola 5 kwa kila pointi. Pointi moja basi imekugharimu dola 14. Chumba cha klabu kinachukua pointi 20 kwa usiku, sawa na dola 280. Chumba cha nje ya klabu kinachofanana nacho kinachukua pointi 45, sawa na dola 630. Mgeni asiye mwanachama, aliyeingia tu na kadi yake, analipa dola 450 kwa chumba hicho hicho.

Mtu atasema bei ya kununulia imeshakwenda, tuhesabu ada peke yake. Haya, 45 mara 9 ni dola 405. Inaonekana umeokoa dola 45 kwa usiku, kabla ya kutoa ada ya kushughulikia. Lakini pointi 45 hizo hizo zingewalaza ndani ya klabu usiku mbili, zikabaki 5. Na kuna jambo jengine ambalo wifi alikuwa hajaliona. Usiku sita kwa pointi 45 ni pointi 270, wakati za mwaka mzima ni 200 tu. Zile 70 zinakopwa za mwakani. Kwa hiyo likizo moja ya "bure" inakula mwaka huu na zaidi ya theluthi ya mwaka ujao, na ada ya mwaka ujao italipwa yote kama kawaida.

Kuna wanaonunua pointi mkono wa pili, kutoka kwa mwanachama aliyechoka. Bei inakuwa chini sana, na kwa anayekusudia kukaa ndani ya klabu tu si wazo baya. Ila kwa Disney, aliyenunua namna hiyo baada ya Machi 2011 hawezi kutumia pointi zile katika vyumba vya hoteli za kawaida za Disney. Klabu nyingine zina masharti yao, na muuzaji wa mkono wa pili hatayataja usipomuuliza.

Nilimwandikia wifi hesabu hii, nikamwomba anitumie za kwake halisi. Wakati nikisubiri jibu nilikwenda shamba kumwangalia mama mkwe.

Kwa wasioijua Unguja, kwetu "kwenda shamba" ni kutoka Mjini, hata kama hutashika jembe. Kizimbani ni kama kilomita 15 kutoka Mji Mkongwe. Unaweza kupita njia ya Dole, au unapita Mtoni na Bububu, unaiacha bahari na kupanda upande wa Kidichi. Mimi napenda njia ya Bububu. Pale Mtoni kuna magofu ya kasri la Sayyid Said. Kidichi kuna hamamu aliyomjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, yenye nakshi za ndege na maua ukutani. Kizimbani penyewe kuna hamamu nyingine, ambayo watalii hawaizungumzi sana. Watoto wanayapenda magofu haya kwa sababu ndani kuna baridi na ukisema neno sauti inarudi.

Kizimbani ndiko ilikoanzia hadithi ya karafuu ya Unguja. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara wa Kiomani, Saleh bin Haramil Al-Abri, alipanda mikarafuu Mtoni na Kizimbani, miche ikiwa imetoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Baadaye Sayyid Said alimnyang'anya mashamba na kuamuru mikarafuu ipandwe kila mahali, kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliivunja mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo inayoongoza. Siku hizi Kizimbani kuna chuo cha kilimo, kituo cha utafiti, shamba la Serikali, na pembeni mashamba ya watu, mengi yakiwa eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mama mkwe anaishi katika mojawapo.

Kutwa magari ya watalii yanapita mlangoni kwake. Anayajua kwa rangi. Wageni wanashuka, mtembezaji anachuma jani, analisugua, anawanusisha na kuwauliza ni la nini. Mgeni anasema limau, kumbe mchaichai. Anapasua tunda la kungumanga, na ndani kuna kokwa iliyofungwa wavu mwekundu wa basibasi, na hapo hata mtoto aliyekuwa ananung'unika kwa joto ananyamaza. Anafinya mbegu za mzingefuri akampaka msichana midomo. Anakwangua gamba la mdalasini. Anachimba manjano, vidole vyake vinabaki vya rangi hiyo mpaka jioni. Vijana wawili wanawafuata nyuma wakisuka makuti kimya kimya, na mwisho kila mama ana kikapu, kila baba ana tai, kila mtoto ana kofia. Mkwezi anapanda mnazi akiimba. Mwisho wanakaa kwenye mkeka kuonja mananasi, mabalungi, na shokishoki msimu ukiwepo.

Kwa watoto wa mjini, sijui bustani ya michezo inayowashinda hawa. Mwanangu wa pili alikataa kula pilau yenye hiliki mpaka siku aliyoona hiliki zinavyoota chini kwenye shina, karibu na udongo. Tangu siku hiyo anazitafuta ndani ya sahani.

Bei ya matembezi hayo ndiyo iliyonirudisha kwenye pointi. Mgeni anayejiunga na kikundi kutoka Mji Mkongwe hulipa takriban dola 20 kwa kichwa, pamoja na usafiri na mara nyingi wali wa viungo mchana. Akiagiza kutoka kwenye meza ya hoteli ya ufukweni, kaskazini au mashariki, bei inaweza kufika mara mbili yake, maana gari inatoka mbali na kila mkono iliyopitia unabakisha kitu: hoteli, kampuni, dereva. Akiokotwa na papasi pale Forodhani, bei inategemea uso wake. Shamba ni lile lile, kungumanga ni ile ile, na anayebaki na kidogo mara nyingi ni kijana aliyepanda mnazi.

Mimi siwalaumu wanaochukua kamisheni. Wana watoto kama sisi, na hoteli iliyo Nungwi haiwezi kukuleta Kizimbani bila mafuta ya gari. Lakini mzazi anayelipia watu watano anapaswa kujua analipia nini. Kwa mfano wetu, watano kwa dola 20 ni dola 100, na kwa dola 40 ni dola 200. Familia yenye mwenyeji inaweza kupanda gari ya abiria kwa nauli ndogo, ikaingia shambani kwa miguu, ikampa mtembezaji mkononi ujira mzuri, na bado ikabakiwa na fedha ya samaki.

Yapo pia mambo ya bei ya mgeni na bei ya mkaazi. Mwaka juzi alikuja mpwa wa mume wangu kutoka Uingereza, kijana wa miaka kumi na tano, akatembezwa katika shamba moja huko huko shamba. Mwenye kukusanya fedha alimsikia anavyozungumza, akamtajia bei ya dola. Kijana akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba bibi yake anakaa mita mia tatu kutoka pale. Akaambiwa, basi bibi aje. Mama mkwe alikwenda kweli, na fimbo yake, na kanga ya kushindia. Aliulizwa kama huyu ni wa kwake. Akajibu, "Mtazame masikio." Wakamwachia kwa bei ya mwenyeji, na akapewa na kofia ya makuti.

Sisi tulicheka, lakini kijana hakucheka sana. Usiku aliniuliza kwa nini Uingereza anaulizwa ametoka wapi na huku anaulizwa vile vile. Sikuwa na jibu la kumpa mbele ya wenzake. Nilimwambia kesho ataanika karafuu na bibi yake, na akaanika, mpaka shati lake likanuka wiki nzima.

Nilimweleza mama mkwe habari za pointi. Aliniuliza kama zinaweza kuuzwa. Nikamwambia baadhi ya klabu zinakuruhusu kuwakodishia wengine na nyingine zinakataza, na ukitaka kuiuza haki yenyewe utapata sehemu ndogo ya ulichotoa. Akafikiri, akasema, "Ni kama karafuu." Alikuwa na maana kwamba mkulima wa Zanzibar anapanda, anachuma na kuanika, lakini karafuu yake kavu mnunuzi wake kisheria ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Nikamwambia tofauti ni kuwa shirika linampa fedha kwa kilo, wala halimtozi ada kwa mwaka ambao mikarafuu haikuzaa. "Basi karafuu afadhali," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Jibu la wifi lilikuja siku ya tatu, likiwa na namba zake. Sitazianika hapa, lakini hazikuwa mbali na mfano wangu, na kwa upande wa hoteli ya ufukweni Unguja zilikuwa mbaya zaidi. Hoteli aliyooneshwa ni ya kila kitu ndani, yaani chakula na vinywaji vimo katika bei. Pointi zake zinalipia kitanda tu. Juu yake anatakiwa kulipa kwa fedha malipo ya lazima ya chakula kwa kila mtu kwa kila siku, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya bei ya hoteli za namna hiyo. Kulikuwa na ada ya kubadilishana kwa kampuni inayounganisha klabu. Kodi ya miundombinu inayotozwa kwa kichwa kwa kila usiku haikuwemo. Alipojumlisha, fedha taslimu ya kutoa mfukoni ilikaribia bei ya nyumba ya wageni ya kawaida, na pointi za mwaka zilikuwa zimekwisha.

Kisha kuna gharama ambazo pointi haziwezi kuzigusa kabisa. Mwenye pasi ya Uingereza analipa viza dola 50, na wao ni watano, hivyo dola 250. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni wa kutoka nje awe na bima ya safari iliyokatwa hapa, na ilipoanza iliwekwa dola 44 kwa mtu mzima. Tiketi za ndege za Agosti sitaki hata kuzizungumzia. Yote haya yanalipwa sawasawa, awe amelala hoteli ya nyota tano au chumba cha uani kwa mama yake.

Kwa mzazi mwenye pointi anayesoma haya, naomba kabla ya kubonyeza upige simu klabu na uulize maswali kwa namba. Chumba hiki kwa pointi ni ngapi, na leo mtu asiye mwanachama anakilipia fedha ngapi? Tafuta bei hiyo ya pili mwenyewe kwenye mtandao, usimwachie muuzaji akutajie. Gawa ada yako ya mwaka kwa idadi ya pointi zako, uijue pointi moja ni shilingi au pauni ngapi. Uliza kama hoteli ina malipo ya lazima ya kulipwa ukifika, kwa kila kichwa, watoto wakiwemo. Uliza pointi zisipotumika mwaka huu zinaweza kupelekwa mwakani, na mwisho wa kuomba hivyo ni lini, maana mara nyingi mwisho huo unapita miezi kadhaa kabla mwaka wako wa pointi haujaisha. Ukisafiri ghafla kwa msiba au ugonjwa, pointi zilizokwenda nje ya klabu zinarudi? Kwa klabu nyingi ukishatoka nje masharti ya kughairi yanakuwa makali.

Na kwa ambaye ameitwa kwenye chakula cha mchana na bado hajasaini, au amesaini juzi tu: Uingereza sheria inampa siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na Florida siku 10. Hesabu siku hizo kwenye kalenda ya ukutani. Wauzaji hawapendi kuzikumbusha.

Sisemi pointi hazifai. Familia inayoweza kupanga karibu mwaka mzima kabla, inayokaa ndani ya klabu yake, inayopenda mahali pamoja na inayosafiri kila mwaka, inaweza kuzifaidi vizuri. Najua watu wa namna hiyo. Wana daftari, na mtoto wa kwanza anajua tarehe ya kufunguliwa nafasi kuliko siku yake ya kuzaliwa. Wifi si mtu wa daftari. Ana zamu za usiku hospitalini, na ratiba yake anaijua wiki sita kabla.

Tulizungumza kwa saa nzima, mumewe akiwa pembeni. Yeye shemeji ndiye aliyekuwa upande wa Florida, na sababu yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema watoto wakija Unguja wanakaa ndani na watu wazima, wanabusiwa na kuulizwa wamefika darasa la ngapi, na baada ya siku nne wanaomba intaneti. Florida wanacheka kutwa. Nilimwambia hilo ni kweli na kosa ni letu wenyeji, tunawaweka sebuleni kama wageni wa harusi. Wakija mara hii hawatawekwa sebuleni. Agosti msimu wa karafuu ukiwa umeshika wataanika na kugeuza, watachambua vikonyo, watakwenda kwenye hamamu wakapige kelele zao. Siku mbili za bahari nitawapeleka mimi, tulale nyumba ya wageni ya kawaida Jambiani au Paje, kwa fedha taslimu inayojulikana.

Walichoamua ni kuja Kizimbani Agosti na kuomba pointi za mwaka huu zipelekwe mwakani. Florida itakuwa ya mwaka ujao, ndani ya klabu, katika nyumba isiyo na twiga dirishani, kwa pointi za miaka miwili zikiwa pamoja na bila kukopa. Watoto wameambiwa twiga wataonekana bustanini kwa tiketi ya siku moja. Mkubwa amekubali. Wa kati ameuliza kama Kizimbani kuna twiga, akaambiwa kuna kima punju huko Jozani, na sasa anataka kujua kama wanauma.

Klabu bado haijawajibu kuhusu kuzipeleka mbele pointi, na mwisho wa kuomba ni tarehe 30 ya mwezi huu. Nimemwambia wifi asitegemee simu, aandike barua pepe na aitunze nakala. Mama mkwe yeye amekwisha kumwita fundi aje kutengeneza mlango wa chumba cha uani.